Udongo wa Matumbawe na Namna Ninavyoulisha

Siku niliyoudondoshea udongo wangu siki, uliumua povu. Nilikuwa nimechota kijiko kimoja tu kutoka kwenye tuta la sukuma wiki, nikauanika juani mpaka ukakauka, kisha nikaumwagia siki kidogo ya jikoni, na papo hapo vipovu vikaanza kuchemka kwa sauti ndogo kama ya soda inayofunguliwa. Povu hilo lina maana moja. Udongo umejaa chokaa, na siki, kwa kuwa ni asidi, inapokutana na chokaa hutoa gesi. Asiye na siki anaweza kukamua ndimu, nayo itamwambia habari ile ile.

Kwa miezi minane kabla ya siku hiyo nilikuwa nikiyanyunyizia matuta yangu majivu ya jikoni kila wiki. Nilifanya hivyo kwa kufuata mafunzo ya siku mbili niliyohudhuria, ambapo mkufunzi alisisitiza kwamba majivu hupunguza uchachu wa udongo na kuuongezea potasiamu. Alisema kweli, lakini ukweli wake ulikuwa wa nyanda za juu, kwenye udongo mwekundu wa mashamba ya majani chai ambao kwa asili ni mchachu. Hapa Bamburi, Mombasa, juu ya mwamba wa matumbawe, nilikuwa namwongezea chumvi mtu aliyekwisha kunywa maji ya bahari.

Bibi jirani yangu, ambaye amelima kunde na mchicha mahali hapa tangu kabla sijazaliwa, aliwahi kunikuta na ndoo ya majivu mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, jivu lote hilo wampa nani?” Nikamwambia naupa udongo upate nguvu. Akatikisa kichwa. “Udongo wetu huu mkali tayari. Upe majani, upe mavi ya mbuzi. Jivu hilo mwagia mchwa.” Sikumsikiliza wakati ule, kwa sababu yeye hakuwa na cheti na mkufunzi alikuwa nacho, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Dalili zilikuwa wazi kwa anayejua kuzisoma. Majani machanga ya sukuma wiki, yale ya juu kabisa, yalikuwa yakitoka ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kana kwamba mtu ameyachora ramani ya mito. Mimi nilidhani ni njaa ya nitrojeni, nikazidisha samadi. Lakini njaa ya nitrojeni huanza kwenye majani makuukuu ya chini, kwa sababu mmea huinyang’anya sehemu iliyozeeka na kuipeleka kwenye chipukizi. Njano inapoanza juu, kwenye majani machanga, na mishipa ikabaki kijani, kinachokosekana kwa kawaida ni madini ya chuma, ambayo mmea hauwezi kuyahamisha kwa urahisi kutoka jani la zamani kwenda jani jipya. Chuma chenyewe kimo udongoni, ila chokaa imekifungia mahali ambapo mizizi haiwezi kukifikia. Kipimo cha uchachu na ualkali, yaani pH, huenda kutoka 0 hadi 14, na mboga nyingi hupenda kukaa kati ya 6 na 7. Udongo uliojaa chokaa huwa karibu na 8, na hapo chuma na zinki huganda, na fosforasi nayo hushikana na kalisi, kwa hiyo mkulima anaweza kuumwagia udongo kila aina ya rutuba na mmea ukafa njaa penye chakula.

Mombasa haina udongo wa aina moja, na hili ni muhimu kwa anayetaka kuiga ninachofanya. Kisiwa chenyewe na ukanda wa pwani wa Nyali na Bamburi umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya bahari wakati maji yalipokuwa juu zaidi. Ukielekea bara, upande wa Changamwe, Mikindani na Jomvu, utakuta mfinyanzi mzito unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kwenye jembe wakati wa mvua. Anayetaka kujua alichonacho achukue chupa ya plastiki inayoona ndani, ajaze udongo hadi theluthi moja, aongeze maji karibu mpaka shingoni, aitikise kwa nguvu kisha aiweke mezani. Mchanga hutua chini katika dakika ya kwanza, chembe laini zaidi hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi hukawia siku nzima au zaidi huku maji yakiwa bado na ukungu. Chupa yangu ilionyesha mchanga karibu mtupu, na juu ya maji vikaelea vijiti viwili vitatu vyeusi. Hivyo vijiti ndivyo vilivyokuwa mboji yote ya bustani yangu.

Kosa langu la pili lilikuwa la gharama kubwa zaidi. Nilinunua lori zima la udongo mwekundu, kama wanavyofanya wengi wanaojenga nyumba huku pwani na kutaka bustani ya haraka. Rangi yake ilikuwa ya kuvutia, nami nilimwamini muuzaji aliposema ni udongo wa shamba. Baada ya mvua mbili na jua la wiki moja ulikuwa umeganda kama sakafu, na maji ya kumwagilia yalitiririka juu yake hadi kwenye njia. Ulikuwa umechimbwa chini sana, mbali na mizizi na wadudu, kwa hiyo ulikuwa na rangi lakini hauna uhai. Nilihuzunika sana, kwa sababu fedha zile nilikuwa nimeziweka kwa miezi.

Aliyenifungua macho, baada ya bibi, ni jongoo. Kutoka nyumbani kwangu hadi Haller Park, hifadhi ya wanyama na miti, ni mwendo wa miguu, na nimeingia humo mara nyingi na watoto kuwatazama twiga bila kujiuliza miguu yangu imekanyaga nini. Pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na matumbawe yaliyochimbwa kwa ajili ya saruji yaliacha nyuma uwanda mweupe wenye joto kali, usio na udongo hata wa kujaza kiganja, na maji ya chumvi chini yake kidogo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti juu ya mwamba huo. Katika aina zilizojaribiwa ni chache sana zilizostahimili, na ulioshinda yote ni mvinje, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaovuta nitrojeni kutoka hewani na hivyo haungoji kulishwa na udongo.

Mivinje ikakua, lakini majani yake membamba kama sindano yakaanguka na kurundikana bila kuoza. Yana utomvu mkali ambao vijidudu vya kuozesha havikuuweza. Hapo ndipo akaonekana jongoo mwenye miguu myekundu, yule tunayemwona kila masika akivuka njia, akiyatafuna majani hayo yaliyoshinda wote. Majongoo walikusanywa kwa mamia na kuachiliwa msituni. Wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria na kuvu, na kidogo kidogo mboji nyeusi ikajengeka juu ya mwamba mtupu mpaka miti mingine ikapata pa kushika mizizi. Leo mtu akipekua majani makavu chini ya mivinje ile atakuta tabaka jeusi, laini, lenye harufu ya mvua ya kwanza. Mimi nilipekua siku moja karibu na njia, nikaona chini ya vidole vyangu vidonge vidogo vya mviringo, vilivyolingana kama mbegu, ambavyo ni mavi ya jongoo, na ndani yake nyuzi nyeupe za kuvu zilizokwisha kuanza kazi. Nilikaa nimechutama hapo muda mrefu. Nyumbani nilikuwa nikiwaokota jongoo kwa kipande cha mti na kuwarusha ukutani. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Mimi siku hizi simtupi jongoo wala mti wake, ingawa nakiri kwamba pakikosekana majani makavu huweza kutafuna miche laini, na dawa yake ni kumwachia majani ya kutosha.

Tangu hapo kazi yangu imekuwa kuulisha udongo kila mara, kidogo kidogo, badala ya kuutibu mara moja kwa mwaka. Sababu ya kufanya hivyo kila mara ni joto. Vijidudu vinavyoozesha hufanya kazi kwa kasi zaidi kadiri joto linavyopanda, na hapa kwetu hakuna majira ya baridi yanayovipumzisha. Mboji ambayo nchi za baridi ingedumu miaka, huku pwani huliwa na kwisha upesi, hasa kwenye mchanga unaopitisha hewa. Mkulima wa hapa hawezi kuweka akiba ya mboji. Anaweza tu kuhakikisha kwamba sahani haikauki.

Chakula kikuu ni mboji ya rundo. Mombasa ina utajiri wa vitu vya kurundika kuliko watu wanavyodhani, na mwingi unaishia kwenye jaa. Kila Ijumaa mama mmoja anayeuza kabichi katika soko la Kongowea huniwekea magunia mawili ya majani ya nje. Muuza maji ya miwa hunipa makapi. Nyumbani kuna machicha ya nazi, maganda ya mihogo na ndizi, na majani ya chai. Mzee wa mtaa wa nyuma ana mbuzi, nami humpelekea matawi ya kulishia na kurudi na samadi. Vikavu ni majani ya mwembe, nyasi zilizokauka, na sindano za mvinje, ambazo nazo hazikosi jongoo wake. Kwa makadirio ya ndoo, nachanganya ndoo mbili au tatu za vikavu kwa moja ya vibichi, kwa sababu vijidudu vinahitaji takribani sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni. Vibichi vikizidi rundo hunuka, na vikavu vikizidi hulala tu bila kubadilika.

Rundo lisipungue mita moja kwa kila upande, vinginevyo halipati joto. Katikati yake nachomeka ufito mrefu tangu siku ya kwanza. Siku ya tatu au ya nne nauchomoa na kuushika kwa kiganja: ukiwa wa moto kiasi cha kunifanya niachie, najua ndani pamefika nyuzi 55 hadi 65 na mbegu za magugu zinakufa. Ukiwa wa vuguvugu na mkavu, naongeza maji. Ukiwa wa baridi na umelowa na unanuka, napindua na kuongeza vikavu. Unyevu wa kutosha ni ule wa kitambaa kilichokamuliwa, kinachoacha kiganja kimelowa bila kudondosha. Machicha ya nazi huwekwa katikati kabisa, kwa kuwa mafuta yake huita panya na sisimizi. Baada ya miezi miwili na nusu au mitatu, na kupindua kila wiki mbili, hakuna tena jani linalotambulika kwa jina.

Kupindua kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya mbali havitaji. Rundo lililoachwa bila kuguswa hapa pwani hugeuka kitanda cha kulelea chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi. Mabuu yake ni manene kama kidole gumba, meupe, yamejikunja, yenye kichwa cha rangi ya kahawia. Ukiyakuta, yatoe yote uwape kuku. Kutengeneza mboji kwa ajili ya mchicha na kumuulia jirani minazi yake ni dhambi, na nasema hivyo kwa moyo wote.

Samadi ya kuku nahadhari nayo. Ikiwa mbichi huunguza miche, na muuzaji akisema imeiva mimi huiweka kwenye rundo hata hivyo. Mwani unaotupwa na mawimbi ufukweni ni mzuri, mradi uache mvua iuoshe chumvi kwanza.

Kuna matuta ambayo jembe hugonga mwamba baada ya shibiri mbili, na hayo nimeyainua kwa kuzungusha mawe ya matumbawe pembeni. Panapochimbika zaidi, nafukia makumbi ya nazi. Kwanza nayaloweka kwenye pipa kwa wiki kadhaa, nikibadilisha maji kila yanapogeuka mekundu kama chai ya rangi, ili utomvu na chumvi vitoke. Kisha nachimba mtaro wa karibu nusu mita, nayapanga upande wenye shimo ukitazama juu kama vibakuli, narudishia udongo uliochanganywa na mboji, na juu yake napanda. Usumba, yaani nyuzi za makumbi, hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole. Mwezi wa Februari uliopita, katika ukali wa kaskazi, tuta la bamia lililokuwa juu ya makumbi nililimwagilia mara mbili kwa wiki, wakati la jirani yake lilidai maji kila jioni.

Juu ya kila tuta kuna matandazo, na hili sikubali kulijadili. Atakaye ushahidi asimame pekupeku juu ya mchanga ulio wazi saa nane mchana, kisha asogee kwenye tuta lililofunikwa. Mimi hutumia makuti makuukuu yanayoshushwa watu wanapoezeka upya, nikiyakata vipande, pamoja na nyasi. Mvua za masika, zinazofikia kilele mwezi Mei, hupiga mchanga ulio wazi na kusomba kila kitu chepesi, nayo mboji ndiyo nyepesi kuliko vyote.

Pia mizizi yenyewe hulisha udongo. Baada ya kuvuna nyanya au biringanya napanda kunde, na pale ninapoweza kulipumzisha tuta kwa muda mrefu napanda fiwi au marejea, ambayo nayo ni ya jamii ya kunde, na kuyakata yanapoanza kuchanua. Sing’oi, nakata shina usawa wa ardhi na kuacha mizizi ioze ilipo. Kabla ya kukata huchimbua shina moja nitazame mizizi. Vinundu vya kunde vimening’inia pembeni mwa mzizi na hubanduka kwa kuguswa kwa ukucha, na ukikipasua kinundu ukakuta ndani wekundu wa nyama, ujue bakteria wake wako kazini. Uvimbe wa minyoo ya mizizi, ambao unapenda sana mchanga wetu, ni mzizi wenyewe uliofura, haubanduki, na ndani hauna wekundu. Watu huchanganya hivi viwili na kushangilia ugonjwa. Tuta lenye uvimbe huo silipandi nyanya tena kwa muda mrefu, nalipa marejea na mboji maradufu.

Maji ya kisima changu yana chumvi kidogo, kama vilivyo visima vingi karibu na bahari. Kiangazi kikirefuka huacha ukoko mweupe pembeni mwa matuta. Kwa sababu hiyo miche naimwagilia kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi, na ya kisima nayawachia mimea iliyokomaa, kama mchicha, inayovumilia zaidi. Masika huosha chumvi hiyo na kuishusha chini ya mizizi.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisinunue salfa nishushe ualkali moja kwa moja. Kwenye udongo wenye chokaa kidogo inawezekana. Lakini juu ya mwamba wa matumbawe, asidi yoyote utakayoleta hukutana na chokaa isiyoisha na kumalizwa nguvu, na mwaka unaofuata uko pale pale. Mboji hufanya kazi kwa njia nyingine. Haiondoi chokaa, bali inapooza hutoa viambato vinavyokishika chuma na kukiweka katika hali ambayo mzizi unaweza kukinywa, na kila punje ya mboji ni kituo kidogo chenye uchachu wake ndani ya bahari ya chokaa.

Mwezi uliopita, miaka sita baada ya mara ya kwanza, nilirudia siki. Nilichota kijiko kutoka tuta lile lile la sukuma wiki. Udongo sasa ni mweusi shibiri nzima kwenda chini, unashikamana ukifinywa na kumeguka ukiguswa, na nyungunyungu wawili walitoka pamoja na kijiko. Nikamwaga siki, nao ukaumua povu kama zamani. Juu yake sukuma wiki zilikuwa za kijani hadi kwenye chipukizi. Bibi alikuwa kibarazani kwake akitutazama, mimi na kijiko changu, na nilipompelekea fungu la majani aliligeuza geuza, akachungulia yale machanga ya juu, kisha akaingia ndani na kurudi na kikopo cha mbegu za mchicha wake wa kienyeji. Akaniambia nizisie vuli ikianza. Makumbi ya tuta la mchicha huo yamo kwenye pipa tangu Jumapili, na maji yake bado ni mekundu.